Mawe Mia Tatu na Sitini

Habari za mawe nilizipata kwa Mama Redio. Tunamwita hivyo kwa sababu chumba chake ndicho cha kwanza ukiingia getini, na hakuna jambo linaloweza kupita pale bila kutangazwa. Asubuhi hiyo nilikuwa namsuka, mwanangu kalala mgongoni, naye akaniambia kwa sauti ya chini, ile anayoitumia akitaka nyumba nzima isikie, kwamba yule dada wa chumba cha mwisho anatoa mawe kwenye vichwa vya samaki.

"Mawe, mwenzangu. Kwa macho yangu haya. Kapasua kichwa cha sato, kaingiza kibano, katoa vijiwe viwili vyeupe, kavifuta, kavitia kwenye bahasha ndogo. Juu ya bahasha kaandika namba kwa wino mwekundu. Sasa niambie, mtu mwenye nia njema anaandika kwa wino mwekundu?"

Nikamwambia mwalimu wetu wa darasa la nne aliandika kwa wino mwekundu.

"Na alikuwa na nia njema?"

Nikakumbuka alama zangu za sayansi, nikaendelea kusuka.

Kilichomkera zaidi Mama Redio ni ule mlio. Mchana, watu wakiwa wamejinyoosha kidogo, kutoka chumba cha mwisho ulisikika msuguo, swaa, swaa, kama mtu anayesaga kitu kidogo kwa subira. Yeye alikwisha kukata shauri kwamba mawe yanasagwa, unga unafungwa, na yuko mganga mahali fulani anayepelekewa. Nikamuuliza mbona jana nilimwona akila sato aliyepewa na huyo huyo dada. Maana dada yule akishachukua anachokitaka kichwani, mwili humgawia yeyote aliye jirani na ndoo. Mama Redio hakuona tabu kujibu. Alisema dawa iko kichwani, mwili hauna kosa.

Mimi kazi yangu ni vichwa vya watu. Nasuka pale kwenye baraza ya chumba changu, kati ya bomba na kamba za nguo, na mtu akikaa chini ya mikono yangu saa tatu au nne, hata kama ni bubu ataongea. Kwa hiyo sikuwa na haraka. Nilijua iko siku dada wa samaki nywele zitamzidi.

Alikuja siku ya tatu. Ni mrefu, mwembamba, anatembea kama anayejua mlango anaokwenda. Kila siku anatoka na mabuti yake ya mpira na sanduku la barafu begani, anawahi mashua zinapoteremsha samaki, anarudi kabla jua halijawa kali. Pale sokoni wauza samaki walimpa jina la Mkaguzi, kwa sababu mpaa samaki akinyanyua kisu tu, yeye humwambia asiguse, ampe samaki kama alivyotoka majini. Nyumbani kwetu aliitwa Dada Samaki, na mwenyewe aliitika bila kinyongo.

Aliniomba nimsuke kitu cha kukaa mwezi mzima na kisichomwangukia usoni akiinama. Nikamwambia mistari minane ya kurudi nyuma itafaa. Akakaa kwenye kigoda, shingo wima, na nilipofika mstari wa pili nikamuuliza moja kwa moja habari ya mawe, kwa sababu kumzunguka mtu ambaye kichwa chake unacho mkononi si uungwana.

Alicheka mpaka nikaachia unywele.

Akanieleza kwamba kila samaki wa aina ile ana vijiwe ndani ya kichwa, karibu na ubongo, vinavyomsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Jiwe linakua pamoja naye. Kila mwaka linaongeza mviringo mmoja, kama mti ukiukata ukaona miviringo yake. Yeye hulizamisha jiwe kwenye gundi ngumu, angavu kama kioo, hulikata jembamba, kisha hulisugua juu ya msasa wenye maji mpaka mistari itokeze. Ndio ule mlio wa mchana.

"Samaki hana cheti cha kuzaliwa," alisema. "Cheti chake kiko kichwani."

Nikauliza umri wa samaki unamfaa nani. Akasema unatufaa sote tunaokula. Ukijua samaki wanaoletwa sokoni wana miaka mingapi, na wanaanza kuzaa wakiwa na mingapi, utajua kama wanavuliwa wakishaacha watoto au kabla. Yeye alishaanza kuona kwamba wengi wanakuja kabla. Alilisema hilo taratibu, bila kujitapa, kama mtu anayesema mvua itanyesha na mwavuli anao.

Hiyo ndiyo shule yake. Anasomea shahada ya uzamili, ile ya utafiti mtupu, ambayo haina darasa. Hapo ndipo ndugu zake waliposhindwa kumwelewa. Mjomba wake, aliyemlea, kila akipiga simu humuuliza yuko darasa la ngapi, naye hujibu kwamba hakuna darasa. Mjomba akamwambia, mwanangu, hata mtoto wa chekechea ana darasa, wewe mtu mzima wamekunyima?

Mpaka mstari wa nane nikawa nimejua masharti yote ya shule hiyo isiyo na darasa, na niseme kweli, nilimwonea huruma. Kwanza lazima uwe na shahada ya uvuvi au sayansi iliyo jirani yake, tena yenye alama za kujivunia. Upate wasimamizi wawili. Wake mmoja ni mpole na mwingine ana kalamu kali. Uandike unachotaka kutafiti, usimame mbele ya watu saba wakuulize maswali mpaka koo likauke. Upewe kibali cha kuchukua samaki. Kila miezi sita urudi ueleze umefika wapi, na makala yako moja ikubaliwe na jarida ambalo wahariri wake hawakujui hata jina. Mwisho kabisa uandike kitabu kizima, kisomwe na mtahini wa nje, mgeni, ambaye hakudai wala humdai.

"Na yote haya ndani ya miaka mitatu," alisema. "Siku ikipita, jina linafutwa."

"Umebakiza nini?"

"Mtahini tu." Akajipapasa mistari kichwani, akaridhika. "Huyo simwogopi. Nimehesabu kila jiwe kwa mkono wangu. Haya ninayosugua sasa ni ya utafiti unaofuata."

Tangu siku hiyo tukawa watu wa kuitana. Ananiita mdogo wangu, nami namwita dada. Nikimaliza wateja hupeleka mkeka wangu chumbani kwake, mtoto akacheza chini ya meza. Chumba kile kina kitanda, meza, mizani, ubao wenye rula wa kumlazia samaki, na kwenye rafu visanduku vya viatu vimejaa bahasha. Mawe mia tatu na sitini na moja ya kusomwa, kila moja na mwenzake wa akiba. Kila bahasha ina namba, na namba hiyo imo kwenye daftari pamoja na urefu wa samaki, uzito wake na siku aliyonunuliwa.

Siku moja mwanangu alijivutia sanduku, na nilipogeuka nikakuta bahasha mdomoni. Nilimpokonya, nikamfungua kinywa, nikaanza kuomba radhi hata kabla sijamaliza kuangalia. Dada Samaki aliichukua bahasha, akaifungua, akayahesabu mawe kwa kibano, moja, mbili, akaifunga. Kisha akavuta daftari. Nilidhani anaandika deni langu. Nikachungulia. Alikuwa ameandika: *Bahasha 114, kona imetafunwa na mtoto, mawe salama.*

Nikamwambia lakini si lazima wakubwa zako wajue hilo.

"Limetokea," alisema, akampa mtoto kifuniko cha sufuria atafune badala yake.

Jioni nyingine alinionyesha picha ya jiwe kwenye kompyuta, limekuzwa mpaka limejaa kioo chote. Sikutegemea uzuri ule. Lilikuwa kama kitunguu kilichokatwa, weupe na ukahawia vikifuatana, mstari juu ya mstari. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, kutoka katikati kwenda ukingoni, akasema mitano. Nami nikawa nimeshahesabu kimoyomoyo, nikapata minne. Nikanyamaza, lakini yeye ana tabia ya kumtazama mtu anayenyamaza.

"Sema."

Nikamwonyesha mstari wa tatu. Nikamwambia huu hauzunguki. Umeanzia hapa, umefika hapa, umepotea. Ni kama msusi mwanafunzi aliyefungua njia kwenye nywele, akaona kakosea, akaifunika. Ukipita vidole unajua kwamba hiyo si njia. Ile mingine imezunguka jiwe lote na kurudi ilikoanza.

Akafungua kitabu kinene, akasoma, akarudi kwenye picha, akaikuza tena. Kisha akaegemea kiti akanitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

"Mstari wa uongo," alisema. "Samaki aliumwa, au alikosa chakula miezi miwili. Mimi nimesomea haya, na umeniumbua huku unanyonyesha."

Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anaandika.

Basi tukakaa hivyo, mpaka siku jibu la mtahini lilipofika. Nilijua kabla hajasema, kwa sababu mchana ule hapakuwa na mlio wa msasa. Nilimkuta amekaa kitandani, kompyuta mapajani, mabuti bado miguuni. Hakuwa analia. Alikuwa anasoma kurasa mbili zile zile, akifika mwisho anaanza tena.

Nieleze vizuri, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa. Katika masharti yale yote kuna moja ambalo hakuwahi kunitajia. Mtu mmoja akihesabu mistari ya mawe, hesabu yake peke yake haitoshi. Lazima awepo msomaji wa pili, ahesabu mawe yale yale bila kujua wa kwanza amepata ngapi na bila kujua samaki alikuwa mkubwa au mdogo. Kisha hesabu mbili zinalinganishwa. Zikipishana kidogo, ndiyo kawaida ya macho ya watu. Zikipishana sana, kuna asiyejua kazi.

Msomaji wa pili wa Dada Samaki alikuwa mwenzake wa maabara, kijana mwenye digrii kama yake. Na hesabu zao hazikupishana hata kwa jiwe moja. Mia tatu na sitini na moja kwa mia tatu na sitini na moja. Mtahini aliandika kwamba ameifanya kazi hii miaka ishirini na sita na hajapata kuona watu wawili wakikubaliana hivyo, hata mapacha. Kitabu kimerudishwa. Usomaji wa pili ufanywe upya na mtu mwingine.

Alimpigia simu mwenzake nikiwa pale pale. Kijana yule kwa sasa ana kazi nchi nyingine. Hakubisha sana. Alisema alihesabu arobaini ya mwanzo, akaona zinafanana na za dada, akaona kuendelea ni kupoteza muda, akazinakili zilizobaki. Dada akamuuliza alizionaje namba zake. Akajibu kwamba zilikuwa kwenye faili lile lile alilomtumia, safu ya pembeni.

Hapo dada akafumba macho. Hilo lilikuwa kosa lake mwenyewe, na alilijua. Alipaswa kuzifuta kabla ya kutuma.

Yule kijana akampa ushauri. Nilimsikia, simu ilikuwa wazi. Alisema, wewe badilisha hizo zangu kidogo tu, hapa ongeza moja, pale punguza moja, kama mawe ishirini hivi, useme umerudia. Nani atajua?

"Mimi," dada alisema, akamshukuru kwa muda wake, akakata.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na nane usajili wake uishe. Wanafunzi wenzake wanaojua kusoma mawe walikuwa wawili; mmoja yuko ziwani na meli ya utafiti mpaka mwezi ujao, mwingine amejifungua juzi. Msimamizi mpole alikuwa safarini. Yule mwenye kalamu alijibu kwamba suala limempata na atalifikiria.

Mama Redio alipata habari kabla ya maji ya jioni, na kwa mara ya kwanza habari yake ilikuwa na uchungu ndani. Alisimama bombani akatangaza kwamba kuna mtoto wa watu hapa amerudishiwa kitabu kwa sababu ya mvivu mmoja. Ya mganga aliyasahau kabisa; ungemkumbusha angekuuliza ni nani huyo mzushi. Akaenda mpaka mlangoni kwa dada akajitolea kuhesabu yeye, maana macho yake yanaona mpaka barabarani.

"Nashukuru, mama," dada alimjibu kwa heshima zote. "Lakini wewe utatangaza matokeo kabla hatujahesabu."

Mama Redio alicheka kuliko sisi sote, akaenda kuyaeleza hayo nyumba ya pili.

Siku mbili msasa haukulia. Siku ya tatu, nikiwa namalizia kichwa cha binti wa fundi cherehani, dada alikuja akakaa kwenye ngazi ya baraza. Alikuwa anatazama mikono yangu ikifungua njia, naona hata midomo yake ilikuwa inahesabu. Binti alipoondoka akaniomba niende chumbani kwake, na nimlete mtoto.

Alikuwa ameipanga meza upya. Daftari halikuwepo. Ubao wa kupimia samaki haukuwepo. Kulikuwa na kompyuta, karatasi yenye mistari, na penseli mpya iliyochongwa. Pembeni aliweka sufuria na vifuniko viwili, hivyo vilikuwa vya mtoto.

"Nimemwandikia msimamizi mwenye kalamu," alisema. "Nimemuuliza msomaji wa pili anatakiwa awe na nini. Amejibu leo. Afundishwe. Ajaribiwe kwa mawe hamsini yasiyo yangu, ambayo umri wake unajulikana. Akipita, anafaa. Asijue hesabu zangu wala urefu wa samaki. Basi. Nimesoma mara tatu nikitafuta mahali palipoandikwa amesoma mpaka darasa la ngapi. Hapapo."

Nilielewa anakokwenda. Nikamkumbusha kwamba mimi ni wa darasa la saba, na jina langu likiwekwa kwenye kitabu chake watu watacheka.

"Nani atacheka? Mwenye digrii ndiye aliyenakili."

Nikasema kuna lile jiwe alilonionyesha, naijua hesabu yake. Akatabasamu, nikajua nilikuwa nimeshakubali bila kujijua, maana mtu anayekataa kazi hasemi hivyo.

"Lile nimeliondoa. Nimeandika kwa nini nimeliondoa. Yamebaki mia tatu na sitini, hujaona hata moja. Kwanza nitakufundisha, kisha ujaribiwe kwa yale hamsini, ukipita ndipo tuanze haya."

Nilikaa. Mtoto alikwishapata kifuniko chake. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanikwaza, itakuwaje nikihesabu nikapata tofauti naye, si kwa mawe mawili matatu, kwa mengi. Kama ile mistari ya uongo imo kwenye mengine pia. Kazi yake ya miaka mitatu itakuwaje?

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Mkono wake ukanigusa begani, mwepesi, kama ninavyowagusa wateja nikitaka wainue kichwa.

"Tutarudia yale tuliyopishana, mpaka tuyaelewe. Siku zipo ishirini na tano, naweza. Ninachoshindwa ni kujihesabia mwenyewe mara mbili. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, mdogo wangu. Tukifika kwa mawe yangu, mimi nitakaa kule kitandani, nitakupa mgongo. Andika unachokiona wewe. Ukiona mstari hauzunguki, usiuhesabu, hata kama unadhani mimi niliuhesabu. Na usigeuke kuniangalia usoni."